Barua kutoka Houston: Chukua watoto uje?



Leo nawaandikia hasa wazazi wenye vijana huku Texas ambao ndoa zao zimevunjika. Simu inayopigwa kutoka huko nyumbani Tanzania tunaifahamu: "Mwanangu, kama imeshindikana, chukua watoto uje nyumbani." Inapigwa kwa mapenzi, na kwa desturi zetu ina maana kamili. Mwanamke akiachika hurudi kwao, watoto wadogo humfuata, mengine wazee watayakalia kikao. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaanzia kwenye dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, ingawa baba anaruhusiwa kuleta ushahidi wa kuipinga.

Huku, kurudi kwenu na watoto ni ombi linalopelekwa mahakamani.

Kuna dada mmoja wa Mwanza hapa mtaani, muuguzi, mama wa watoto wawili. Baada ya talaka alipata kazi nzuri Minnesota, alikoolewa mdogo wake. Akaanza kufunga mizigo. Rafiki yake akamwambia aitoe kwanza amri ya mahakama kabatini waisome wote. Ndani yake imeandikwa kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kuchagua watoto waishi wapi, alimradi pawe ndani ya Kaunti ya Harris au kaunti zinazopakana nayo. Maana yake anaweza kuhamia Katy, Sugar Land, hata Galveston ufukweni. Dallas, iliyo ndani ya Texas hiihii, hawezi. Minnesota ndiyo kabisa.

Wengi husaini mstari huo bila kuutazama, kwa sababu siku ya kusaini akili yote iko kwenye nyumba, gari na pesa za matunzo. Tena mstari wenyewe unafunga makazi ya watoto tu. Mama akitaka kwenda peke yake, njia nyeupe. Na baba asiyeishi nao anaweza kuhamia popote apendapo, wala hamwombi mtu ruhusa. Mimi naona hapo mzigo umeelemea upande mmoja, japo namwelewa pia baba anayewachukua watoto wake kila wikiendi na kuogopa siku moja akigonga mlango akute nyumba tupu. Amri nyingi zina kifungu kinachosema baba mwenyewe akishahama eneo hilo, kizuizi kinaondoka. Kitafuteni kwenye karatasi zenu.

Anayetaka kuhama inabidi atoe taarifa ya maandishi siku 60 kabla. Taarifa hiyo haimpi ruhusa. Ni kumjulisha mwenzake tu. Ruhusa inatoka kwa mwenzake kukubali, makubaliano yakaingizwa kwenye amri mpya, au kwa jaji. Kikao cha wazee sebuleni kinaweza kusaidia watu wapatane, lakini neno la sebuleni jaji halitambui. Wakikaa mbele ya msuluhishi na kutia saini makubaliano yasiyoweza kutenguliwa, hayo yana nguvu ya sheria.

Wakishindwa, kesi inasikilizwa, na Texas ina jambo ambalo hutalikuta katika majimbo mengine: mzazi anaweza kudai suala hilo liamuliwe na baraza la raia wa kawaida 12. Msiwafananishe na washauri wa hakimu. Uamuzi wa hawa unambana jaji. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Texas ilitoa hukumu katika shauri la Wajerumani wawili waliokuwa wakiishi San Antonio. Baraza lilimpa mama haki ya kuchagua makazi bila mpaka, jaji akamwekea mpaka, naye akapanda ngazi za rufaa hadi akaruhusiwa kurudi na watoto Ujerumani. Hukumu hiyo mawakili wanaitaja hadi leo kwa maswali iliyoyapima: sababu ya kuhama ni ya kweli au ya kukomoa? Shule, afya na ndugu wa huko wakoje? Baba ataendelea kuwaona vipi? Mtoto aliyefikisha miaka 12 anaweza kuongea na jaji faraghani, ila neno lake si la mwisho.

Wapo wanaoamua kuondoka usiku na kusema watajieleza wakifika. Kuhama jimbo hakuhamishi kesi. Mahakama ya Texas inaendelea kuishika maadamu mzazi mmoja bado anaishi hapa. Kwa kudharau amri, mtu anaweza kufungwa hadi miezi 6.

Kuvuka bahari ni kuzito zaidi. Upo Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 unaozitaka nchi wanachama kumrudisha upesi mtoto aliyechukuliwa na mzazi kinyume cha haki. Tanzania na Kenya hazimo. Wengine hudhani hiyo ni nafuu: ukishatua Dar, nani atakufuata? Kinyume chake, jaji wa hapa akiombwa kuzuia utoroshaji, hilo ni mojawapo ya mambo anayotazama. Anaweza kuagiza pasi za watoto zikabidhiwe, au mzazi aweke dhamana ya fedha kabla hata ya safari ya likizo kwenda kuwaona babu na bibi. Na kumchukua mtoto nje ya Marekani kwa nia ya kumnyima mwenzako haki yake ni kosa la jinai la serikali kuu tangu mwaka 1993. Kifungo chake ni hadi miaka 3.

Kwa hiyo wazazi wangu, binti akipiga simu analia, msimtumie nauli kwanza. Mwambieni aitafute amri yake, aisome ukurasa unaosema watoto waishi wapi, kisha amwone wakili wa mambo ya familia wa jimbo analoishi. Hiyo nauli mliyotaka kumtumia, mlipieni wakili.