Ukuta wa Berlin na Majalada ya Wazee Wetu

Kila ifikapo tarehe 9 Novemba, Wajerumani huukumbuka usiku wa mwaka 1989 ulipofunguka ukuta uliougawa mji wa Berlin kwa miaka 28. Wasomaji wetu, ambao wengi ni wajukuu wa watu waliotoka Unguja na Pemba wakaishia Muscat, Dubai au London, huenda wakauliza jambo hilo linatuhusu nini. Linatuhusu, tena kwa karibu.

Ukuta ulianza kujengwa usiku wa kuamkia 13 Agosti 1961. Serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki ilidai umewekwa kuwazuia maadui wasiingie, lakini bunduki za walinzi zilielekezwa kwa raia wake waliotaka kutoka. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha yao hapo. Peter Fechter alikuwa na umri wa miaka 18 alipopigwa risasi tarehe 17 Agosti 1962. Akaachwa chini ya ukuta akivuja damu kwa muda wa karibu saa nzima, watu wa pande zote mbili wakimsikia akilia, bila wa kumnusuru. Wa mwisho kuuawa kwa risasi, Chris Gueffroy, alikufa Februari 1989, miezi tisa tu kabla ya njia kufunguliwa.

Kilichouangusha hakikuwa jeshi. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana kwa amani mjini Leipzig, na askari waliokuwa wamewekwa tayari hawakupewa amri ya kupiga. Mwezi mmoja baadaye, Günter Schabowski wa chama tawala aliwasomea waandishi wa habari karatasi ambayo hakuwa ameielewa sawasawa, akatamka kuwa ruhusa ya kusafiri inaanza papo hapo. Watu wakamiminika mipakani, na katika kituo cha Bornholmer Straße afisa wa zamu, kwa kukosa maelekezo, akafungua njia. Dola iliyokuwa ikisoma barua za kila mtu ilishindwa kuisoma karatasi yake yenyewe!

Dola hiyo ndiyo iliyokuja kwetu. Wiki chache baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado hazijafanya hivyo. Wakaja wajenzi, walimu na madaktari. Akaja pia Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa shirika la Stasi, na washauri wa kuwafundisha Wazanzibari kazi ya usalama. Haki isemwe: majumba waliyoyajenga Kikwajuni na Kilimani yaliwapa watu maji ya bomba na umeme, na yangali yanakaliwa hadi leo. Wala si uadilifu kuwabebesha wageni hao kila lililotufika, kwani mauaji ya siku za mwanzo za Mapinduzi yalitangulia kufika kwao. Walicholeta wao ni utaalamu: namna ya kumwandikia mtu jalada, na namna ya kumfanya jirani awe sikio.

Bibi yangu mzaa baba aliishi Pemba. Aliposikia kuwa dada yake anaumwa Mombasa aliomba ruhusa ya kwenda kumtazama. Akanyimwa, akaomba tena, akanyimwa. Mwaka 1968 alipanda mashua usiku na watoto wawili, baba yangu na shangazi yangu, wakavuka hadi pwani ya kusini ya Kenya. Dada alikuwa ameshazikwa. Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwafungulia mlango watu wa asili ya Oman, wakahamia Muscat, na huko ndiko bibi alikofia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Miaka yote hiyo aliinuka kufunga dirisha kabla ya kulitaja jina la mtu wa serikali, ilhali nje palikuwa na mtende na gari la mjomba tu.

Nilipokwenda Berlin nilifika Bernauer Straße, mahali ambapo ukuta ulipita katikati ya mtaa. Pana picha za waliouawa, kila mmoja na jina lake, na baadhi ya nafasi hazina picha. Lilikuwapo pia kanisa lililonaswa ndani ya eneo la mpaka, ambalo serikali ililibomoa kwa baruti mwaka 1985. Mwaka 2000 palifunguliwa hapo kanisa dogo lenye kuta za udongo ulioshindiliwa. Nilisimama nikizitazama kuta zile kwa muda mrefu, maana mtu wa pwani haustaajabii ukuta wa udongo.

Lakini kilichonigusa zaidi ni majalada. Tarehe 15 Januari 1990 wananchi waliingia kwa nguvu katika makao makuu ya Stasi. Mwishoni mwa mwaka 1991 ikapitishwa sheria, na tangu Januari 1992 mtu akaweza kuomba kusoma yaliyoandikwa juu yake. Nyaraka hizo zikipangwa pamoja zina urefu wa kilomita zipatazo 111. Wako waliofungua kurasa wakakuta mpelelezi wao alikuwa rafiki, au mume. Yalikuwa machungu, ila mtu aliyapata kwa maandishi, na muhuri juu yake.

Sisi hatuna dirisha la kupelekea ombi kama hilo. Nani alimwandika bibi, na aliandika nini hata akanyimwa ruhusa mara mbili? Tulicho nacho ni wazee, na wanapungua.

Kwa hiyo Ramadhani iliyopita nilianza kumrekodi shangazi yangu baada ya tarawehe, usiku baada ya usiku. Alikuwa na umri wa miaka tisa siku ya mashua. Anakumbuka kwamba waliambiwa wasikohoe, na kwamba bibi alifunga vyombo vya shaba ndani ya kanga visigongane. Ameniruhusu kuandika yote haya isipokuwa jina la nahodha. Wajukuu wake, amesema, bado wako Pemba.