Dundee: Kutoka magunia hadi michezo ya kompyuta

Ukipanda gari-moshi Edinburgh kuelekea kaskazini, utavuka daraja refu juu ya Mto Tay, na ng'ambo utaingia Dundee, mji wa Uskoti wenye wakazi wapatao 150,000. Usiupite mbio, msomaji, hasa kama nyumbani una mwana unayemkemea kila umkutapo akicheza michezo ya kompyuta.

Anzia jumba la makumbusho la Verdant Works. Hapa palikuwa kiwanda cha juti, ule uzi unaofumiwa magunia. Katika karne ya 19, juti ilikuja kwa meli kutoka Bengal, ikalainishwa kwa mafuta ya nyangumi. Wanawake ndio waliojaa viwandani kwa kuwa ujira wao ulikuwa mdogo. Waume wengi walibaki nyumbani, wakabandikwa jina la wachemsha birika. Viwanda vya Bengal vilipopata nguvu, vya Dundee vilififia kimoja kimoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiwanda cha saa cha Timex mjini humo kilipewa kazi ya kuunda kompyuta ndogo ya ZX Spectrum, iliyokuwa ya bei nafuu. Vijana wa mji wakajifunza kuiandikia programu. David Jones, aliyewahi kuajiriwa na Timex, akaanzisha kampuni ya DMA Design. Mwaka 1991 ilitoa mchezo wa Lemmings, na mwaka 1997 Grand Theft Auto. Timex yenyewe ilifungwa mwaka 1993 baada ya mgomo mchungu.

Tembea sasa hadi bustani ya Seabraes, kando ya barabara ya Perth. Utaona sanamu za shaba za viumbe watatu wa Lemmings wakikwea nguzo ya mawe. Watoto watataka kupigwa picha hapo.

Je, fedha za umma ziliingia wapi? Kwanza, shuleni. Chuo Kikuu cha Abertay, kilicho katikati ya mji, kilianzisha shahada ya michezo ya kompyuta mwaka 1997, mapema kuliko karibu vyuo vyote duniani. Pili, katika majaribio. Mwaka 2010 chuo hicho kilikabidhiwa mfuko wa pauni milioni 5 wa kusaidia kampuni ndogo. Mwaka 2015 ulifuata Mfuko wa Michezo wa Uingereza, wenye makao yake Dundee, uliotoa ruzuku ya hadi pauni 25,000 kwa kila jaribio. Kiasi hicho hakimalizi mchezo, lakini kinampa kijana kitu cha kumwonyesha mwekezaji.

Huenda ukaona ruzuku hizo ni ndogo mno. Hebu tazama yaliyowapata wakubwa. DMA Design ilihamia Edinburgh, na leo inaitwa Rockstar North. Realtime Worlds, iliyopewa mamilioni ya dola na wawekezaji binafsi, ilianguka mwaka 2010 na watu wengi wakapoteza kazi. Lakini ujuzi haukufungwa pamoja na milango ya kampuni. Baadhi ya walioachishwa walianzisha kampuni zao ndogo papo hapo mjini.

Si kwamba Dundee sasa ni pepo. Ipo mitaa yenye umaskini mwingi, na michezo haijaajiri watu wengi kama juti ilivyofanya. Mlipa kodi ana haki ya kuuliza kwa nini jasho lake ligharimie michezo huku wengine wakikosa kazi. Jibu la Dundee ni kwamba kiwanda huhama, lakini kijana aliyefunzwa, akipata mtaji wa kuanzia, huenda akabaki.

Ukirudi nyumbani umkute mwanao mbele ya kompyuta, kabla ya kumkemea muulize kwanza: mchezo huu umeundwaje? Asipojua, mwambie atafute jibu.