Kilo Kumi na Tano za Unga

Mwaka 2007, nilipoondoka Lubumbashi kwenda Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, nilibeba kilo 15 za unga wa mahindi. Mama aliupima mwenyewe, akautia katika gunia, akalishona mdomo. Juu ya hapo nilikuwa na sanduku la nguo, mfuko wa bitoyo (samaki wakavu), sufuria, blanketi, na furushi la vitu nilivyotumwa na majirani zetu wa Kenya (Kenya ninayoisema ni komini yetu, si nchi). Kufika tu kwenye magari ya Kasumbalesa ilibidi nimlipe kijana wa mkokoteni.

Nilijaribu kupunguza. Mama akaniuliza, “Kule batakupa nini? Unga ya kwetu njo unga. Beba, mutoto yangu.”

Sikumbishia, na hata leo simlaumu. Baba alifanya kazi mgodini, na utotoni mwangu mposho (posho ya chakula) uliingia nyumbani kila mwezi, magunia ya unga yakapangwa nyuma ya mlango. Halafu ukaja uporaji wa 1991, maduka ya mji yakabaki kuta. Migodi ikadidimia, mposho ukakoma. Mwanamke aliyeyaona hayo hamwachi mwanawe aondoke mikono mitupu. Waandishi wa nje wanaofundisha kusafiri na mzigo mwepesi huuliza una mashati mangapi. Kwetu lingeulizwa kwanza jambo jingine: mama yako alishikwa na njaa ya mwaka gani?

Kasumbalesa iko kama kilomita 90 kutoka Lubumbashi. Ukivuka mpaka hapo unaingia Zambia, unabadilisha gari, unabadilisha tena, mpaka Kapiri Mposhi inakoanzia reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975. Kila gari lilipobadilishwa, unga ulishuka na kupanda nami. Kitwe gunia likapasuka pembeni, nikaliziba kwa kitambaa cha kichwa. Kapiri Mposhi nilikaa stesheni nikilinda vipande sita vya mizigo, nina kiu, nimebanwa na haja, na siwezi kusogea hatua kumi.

Kando yangu alikaa mama wa makamo, mchuuzi wa vikwembe (vitenge), mtu wa komini ya Kamalondo. Mapajani alikuwa na mfuko usiozidi wa mtoto wa shule.

“Yaya, mizigo yako iko wapi?”

“Njo hii.”

Akaufungua nione. Nguo za kubadilisha mara mbili, sabuni, mswaki, kandambili, na kikwembe kimoja. Kikwembe hicho ndicho kilichonifunza kusafiri. Treni inapanda mpaka karibu mita 1,790 pale Uyole, Mbeya, na usiku wa huko una baridi kama ya Lubumbashi mwezi wa saba. Hapo kikwembe ni blanketi. Asubuhi ni taulo. Ukitaka kubadilisha nguo ni pazia, ukinunua viazi ni furushi, ukifika pwani kwenye joto ni shuka. Kisha akalitazama gunia langu, wala hakucheka.

“Kule banakula bukari,” akasema. “Banaita tu ugali.”

Jioni ileile, kwenye behewa la chakula, niliwekewa sahani ya bukari na nyama. Niliila nikimfikiria mama na sindano yake. Ule unga nilimpa mwenye nyumba niliyofikia Temeke, naye akaupika na kuusifu, jambo nililomweleza mama kwa simu siku hiyohiyo.

Safari ya pili, mwaka 2013, nguo hazikunisumbua tena. Kilichobaki kizito kilikuwa mizigo ya watu. Lubumbashi mtu hasafiri peke yake: huyu ana viatu vya mpwa wake, yule ana samaki wa shemeji, na ukikataa umeonyesha kiburi. Nilipata njia ya katikati. Nachukua barua, picha, salamu, na ahadi ya kuleta kitu nikirudi, bidhaa sichukui. Dawa ya mgonjwa sijawahi kuikataa, na sitaikataa.

Mengine yalipungua yenyewe. Simu ilimeza kamera, tochi, saa ya kengele na daftari la namba. Vifuko vya plastiki nilivyokuwa navifungia kila kitu vikawa marufuku, nchini Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, nikamwomba fundi wa soko la komini yetu ya Kenya anishonee vifuko vya mabaki ya vikwembe. Nina vinne, na ni vile vile mpaka leo.

Mwaka 2023 nilikwenda miezi mitatu: Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, Lamu, Nairobi, Kampala. Mfuko wa mgongoni ulipima kilo 6 kwenye mizani ileile ya unga. Mama aliunyanyua kwa mkono mmoja, akanyamaza muda. Akaingia jikoni, akarudi na kitambaa kidogo kilichofungwa, ndani yake konzi ya binkubala (viwavi) vikavu. “Hii haina kilo,” akasema. Nikaiweka juu kabisa.

Lakini kuna kitu ambacho miaka hiyo yote kilizidi kunenepa: bahasha ya karatasi. Pasipoti na nakala zake, kadi ya njano ya chanjo, picha ndogo nane, barua ya mwaliko, stakabadhi ya chumba, tiketi ya kurudi. Kongo ilipokelewa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 29 Machi 2022, nami nilifurahi sana siku hiyo. Hata hivyo, kwenye mpaka mmoja vijana wawili wa Ulaya wenye mifuko mikubwa kuliko vichwa vyao walipita kwa dakika chache, mimi na kilo zangu 6 nikahojiwa kwa saa mbili. Barua ya mwaliko ndiyo iliyonivusha. Siku hiyo nguo zote ningeweza kuziacha mlangoni, barua ile hapana.

Basi kijana wa Katuba, wa Ruashi, wa Kamalondo unayeiwaza safari hii, usianzie kwenye begi. Anzia kwenye chanjo ya homa ya manjano. Cheti chake huanza kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Kachanje mapema. Unga uache nyumbani, mama ataupika ukirudi.