Safari ya binti wa Ibadakuli

Wageni wengi wanaijua Ibadakuli kwa uwanja wa ndege wa Shinyanga. Kwa binti wa sekondari anayecheza mpira wa miguu, safari kubwa ni ya basi: Shinyanga mjini, Tinde, Nzega, hadi Tabora, ambako michezo ya taifa ya UMISSETA ilifanyika mwaka 2022.

Mwaka huohuo Serengeti Girls, wasichana wa chini ya miaka 17, waliifunga Ufaransa 2-1 kwenye Kombe la Dunia nchini India na kufika robo fainali.

Lakini huku Usukumani, ambako wapo wanaomhesabia binti ng'ombe wa mahari kabla hajamaliza kidato cha nne, kituo kigumu kuliko vyote ni nyumbani.

Mzazi, kabla ya kukataa, nenda shuleni. Uliza ni mwalimu gani wa kike anasafiri nao, watalala wapi, na usiku utampigia nani. Ukiridhika, mfungashie shuka zito, taulo za kike na njumu zinazomtosha.

Hata akirudi bila medali, binti aliyeitwa timu ya mkoa ana sababu moja zaidi ya kubaki shule. Ng'ombe watasubiri.