Meza ya Nizi na Majani ya Chai ya Burma

Atokaye Bunia kwenda kaskazini, akiisha kupita Iga-Barrière, huingia katika nchi ya vilima vyenye majani mafupi, nchi ya ng'ombe na mashamba ya muhogo, yenye mabonde ambamo watu hutafuta dhahabu. Huko ndiko iliko Nizi, katika eneo la Djugu, mkoani Ituri. Njia za huku ni njia za dhahabu tangu mwaka 1903, Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, walipoigundua karibu na Kilo. Tangu hapo wamepita watu wa kila namna: wachimbaji, wachuuzi, makarani, wauguzi, walimu na mapadre. Na mahali wapitapo watu wengi hapakosi mama mwenye sufuria motoni.

Nyumba za chakula za njia hii hazina fahari. Ni paa la bati, benchi mbili na meza ndefu ya mbao. Mgeni huletewa maji ya kunawa, kisha huuliza kuna nini leo. Orodha ya vyakula haikuandikwa po pote. Mama mwenyewe huitamka kwa pumzi moja: bugali wa muhogo, sombe, maharage, nyama ya mbuzi, na samaki waliopandishwa kutoka Kasenyi na Tchomia, pwani ya Ziwa Albert. Mjini Bunia ziko nyumba kubwa zenye vitambaa mezani, lakini sisi twajua alama nyingine ya mkahawa mashuhuri: saa sita mchana hupati mahali pa kukaa, wala hakuna aondokaye kwa sababu hiyo. Watu hungoja wakisimama, na yule aliyekwisha kula huona haya kukawia.

Meza hiyo ndefu ina sheria yake isiyoandikwa. Hakuna kiti cha mtu fulani. Dereva hukaa karibu na mwalimu, mchimba dhahabu karibu na mama aendaye hospitali kumwona mgonjwa. Aliyetangulia kupata sahani humwambia jirani yake "Karibu", hata kama hamjui. Mazungumzo ni ya Kiswahili, lugha isiyo ya kabila moja, na hakuna aulizaye, "Wewe ni mtoto wa nani?" Jambo hili mgeni atokaye mbali aweza kuliona dogo. Sisi wa Ituri hatuwezi.

Maana katika nchi hii swali hilo limeua watu. Tangu mwaka 1999 hata 2003 vita vya Wahema na Walendu, vilivyochochewa na tamaa ya ardhi, ya dhahabu na ya utawala, pamoja na mikono ya wageni, viliua watu zaidi ya 50,000 kwa hesabu za watetezi wa haki za binadamu. Vijiji viliteketezwa, na mji wa Bunia wenyewe ulikuwa uwanja wa mapigano mwezi wa Mei 2003. Kisha, mwishoni mwa mwaka 2017, moto uliwaka tena huku Djugu, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbia makwao. Kinachotia uchungu zaidi ni kwamba watu hawa si wageni wao kwa wao. Wahema wa kaskazini husema lugha ile ile ya Walendu. Walioana, walinunua maziwa na muhogo wao kwa wao, walisali katika parokia zile zile.

Tena, na hili tulitafakari sana, walikula pamoja. Kabla ya mwaka 1999 meza ndefu zilikuwako, na "Karibu" ilisemwa. Basi yule aliyesema "Karibu" jana aliwezaje kushika panga kesho? Wako wanaotuambia kwamba watu wakila pamoja tu, chuki itakwisha. Twatamani iwe hivyo, lakini historia yetu yatukataza kuamini kwa urahisi namna hiyo. Chakula kizuri chaweza kufunika ugomvi kama majivu yanavyofunika kaa la moto.

Mfano mmoja uliotusaidia kulielewa jambo hili watoka mbali, katika nchi ya Burma, iitwayo Myanmar tangu mwaka 1989. Msomaji asishangae, kwa kuwa nchi hiyo si ngeni kabisa kwa Wakongo. Katika Vita Kuu ya Pili hospitali ya vita kutoka Kongo, yenye wauguzi na wachukuzi wa majeruhi Wakongo, ilipelekwa Burma kuwahudumia askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Askari hao walipigana katika bonde la Kabaw, na mwezi wa Desemba 1944 wakaufikia mto Chindwin. Mmoja wa Wakongo waliotumika huko, Koplo Albert Kunyuku, alivishwa nishani mjini Kinshasa na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mwezi wa Juni 2022, akiwa amefikia umri wa miaka mia hivi.

Chakula cha Waburma kina mengi ambayo mtu wa Nizi angeyatambua. Asubuhi hupenda mohinga, mchuzi mzito wa samaki wa mtoni unaomiminwa juu ya tambi za mchele. Nyumbani huketi kuizunguka meza fupi ya mviringo, wali mbele ya kila mtu na vitoweo katikati, nao kwa desturi hula kwa mkono wa kulia. Tonge la kwanza huwekewa mzee wa nyumba. Hata kama hayupo, wengi humtengea kidogo kwa heshima. Je, desturi hiyo si ndugu ya desturi zetu?

Lakini chakula chao kilicho mashuhuri kupita vyote huitwa laphet, nayo ni majani ya chai yasiyonywewa bali huliwa. Majani machanga huchomwa kwa mvuke, hushindiliwa na kuvundikwa kwa miezi, hata yawe laini na yenye uchachu. Kisha huletwa mezani katika chombo cha mti kilichong'arishwa, chenye vyumba vidogo ndani: huku majani, huku ufuta, huku karanga, huku vitunguu saumu vilivyokaangwa, huku uduvi mkavu. Siku hizi chakula hicho kimevuka bahari. Mjini San Francisco, Marekani, mkahawa uitwao Burma Superstar, uliofunguliwa mwaka 1992, umejipatia sifa kwa majani hayo, na watu husimama mstari barabarani wakingoja nafasi, kama wafanyavyo watu wetu mbele ya sufuria ya sombe. Na huko Marekani watoto wa Kongo na wa Burma wamekuwa majirani kwa njia ya mateso: katika hesabu ya wakimbizi waliopokewa mwaka 2019 Kongo ilikuwa ya kwanza, na Burma ikafuata.

Sasa sikilizeni kazi ya zamani ya majani hayo. Katika Burma ya kale laphet ilikuwa alama ya amani. Falme zilizopigana zilipelekeana majani hayo vita vilipokwisha. Na watu wawili waliposhtakiana, mwamuzi alisikiliza maneno ya huyu na ya huyu, akakata shauri. Ndipo laphet ilipoletwa. Waliposhitakiana wakaila wote wawili, maana yake wameikubali hukumu, na shauri limekwisha.

Angalieni utaratibu wake. Majani hayakuletwa kwanza ili watu wanyamaze. Yaliletwa mwisho, baada ya maneno kusemwa na haki kupimwa. Kula kulikuwa muhuri wa ukweli, si kifuniko chake. Nadhari hiyo ndiyo iliyopungua kwetu: tulikuwa na meza bila shauri. Mambo ya mipaka ya mashamba, ya ng'ombe waliochukuliwa, ya wafu waliouawa, yalibaki moyoni huku midomo ikisema "Karibu".

Wala hatusemi kwamba desturi nzuri hutosha. Burma yenyewe, yenye majani ya amani, imo katika vita vikali tangu jeshi liliponyakua utawala tarehe 1 Februari 2021. Desturi ni chombo tu. Yahitaji mioyo ya kuitumia. Hata hivyo wahenga wetu walinena kwamba wagombanao ndio wapatanao, na mapatano yana njia yake.

Sisi Wakristu tumeonyeshwa njia hiyo. Bwana wetu alipoingia nyumbani kwa Zakayo, mwenye nyumba hakutosheka na kumlisha mgeni. Alisimama akaahidi kurudisha alichodhulumu, mara nne. Na kila Misa huanza kwa kuungama makosa, ndipo tunapokaribia meza. Nani atathubutu kuugeuza utaratibu huo?

Basi, wazazi wapenzi, amani ya Ituri haitaanza katika mikutano ya wakubwa tu. Mume na mke wakikosana, wasinunue nyama ili kukwepa neno. Na walisikilizane neno kwanza, kisha nyama itakuwa tamu. Watoto wakipigana, waambieni waseme kweli, waombane radhi, halafu wale katika sahani moja. Jirani wa kabila jingine akiwa na kinyongo juu ya shamba, mwendeeni pamoja na mzee mwenye busara, mpime mambo mchana kweupe, na siku hiyo hiyo mama apike. Mtoto aliyezoezwa hivyo nyumbani, akikua na kuketi penye meza ndefu ya Nizi, neno lake la "Karibu" litakuwa na uzito, na jirani yake ataweza kuliamini.