Kilomita Moja kwa Dola 3,000

Kilomita moja ya mwenge wa Olimpiki ya Los Angeles iliuzwa dola 3,000. Ndilo lililokuwa gumzo la mwaka 1984 hata kabla mwenge wenyewe haujawashwa. Peter Ueberroth, mkuu wa maandalizi, na kamati yake hawakuwa na serikali ya kuegemea. Mwaka 1978 wakazi wa jiji lile walipiga kura kukataa kodi yao isitumike kwenye michezo, maana walikuwa wameona Montreal ilivyoachiwa madeni baada ya michezo ya 1976. Lakini fedha za kilomita hazikwenda kwenye viwanja. Zilikwenda YMCA, zikaenda kwenye vilabu vya wavulana na wasichana, zikaenda kwenye michezo ya wenye ulemavu wa akili. Hadi mwisho zilikaribia dola milioni 11.

Wagiriki hawakutaka kusikia habari ya kuuza kilomita. Kwao moto wa Olympia ni amana, na amana haipimwi kwa mita. Spyros Fotinos, meya wa Olympia, alisimama kidete, mbio za mwenge ndani ya Ugiriki zikafutwa. Moto uliwashwa bila shamrashamra zake za kawaida, ukasafirishwa kwa ndege. Tarehe 8 Mei, mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, waliutoa Gina Hemphill, mjukuu wa mwanariadha Jesse Owens, na Bill Thorpe, mjukuu wa mwanariadha Jim Thorpe. Siku hiyohiyo Moscow ilitangaza kwamba Wasovieti hawatakuja, kwa madai kwamba usalama wa wanamichezo wao hauna uhakika.

Nilikuwa mwanafunzi Los Angeles wakati huo, na mabishano ya moto na fedha yalinigusa kuliko yalivyowagusa wenzangu darasani. Nimekulia mkoa wa Dodoma. Mwenge wa Uhuru ulipopita kwetu shule ilifungwa, tukapangwa barabarani tangu alfajiri, chipukizi na skafu zao shingoni, wanamgambo na fimbo zao wakitusukuma nyuma tusikanyage lami. Usiku ulikuwa wa mkesha: ngoma, kwaya, hotuba, mpaka kunakucha. Mwenge ulizindua kisima hapa, zahanati pale, na kila kaya ilikuwa imekwisha kuchangia, atake asitake. Pembeni mama zetu waliuza karanga, maandazi na chai, na hakuna aliyesema wameunajisi Mwenge. Kwa hiyo niliposikia watu wakisema kwamba moto na fedha havikai pamoja, sikuweza kukubali haraka. Nilitaka kwanza kujua fedha inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Mpaka leo, miaka arobaini na ushei, ndilo swali langu.

Kiangazi kile nilipata kibarua kwa mzee mmoja Mmarekani mweusi aliyeuza vitu vya barabarani: kofia, vibendera, chupa za maji baridi. Alikuwa ameuza kwenye magwaride ya kila aina tangu ujana wake na aliujua umati kama mvuvi anavyoijua bahari. Kazi yangu ilikuwa kubeba maboksi na kurudisha chenji.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kuhusu pete tano. Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 iliipa Kamati ya Olimpiki ya nchi ile haki ya peke yake juu ya alama hizo, na kamati ya Los Angeles nayo iliuza vibali kwa makampuni makubwa. Fulana yenye pete bila kibali ilikuwa kesi. Mzee hakugusa kitu chenye pete, wala chenye yule tai mwenye kofia, Sam, kikaragosi cha michezo ile, aliyechorwa na msanii wa Disney. Aliuza bendera ya Marekani tu, kwa kuwa bendera, alisema, haina mwenye kibali. Mbele yetu walipita vijana wenye fulana za magendo zilizochapwa usiku, rangi bado inanuka, na walikuwa wepesi kutoweka kila walipoona sare.

Vibeji vilikuwa ulimwengu mwingine kabisa. Kila kampuni iliyodhamini ilikuwa na chake, kila kituo cha televisheni, kila timu ya taifa. Watu wazima walijaza vibeji kwenye kofia na fulana zao wakasimama barabarani wakibadilishana kama watoto na gololi. Nilimwona mama mmoja akikataa fedha kwa kibeji kidogo cha nchi ya Afrika, kisha akakitoa kwa furaha alipopewa kingine cha nchi asiyokuwa nayo. Niliipenda biashara ile. Aliyekosa fedha alikuwa na la kusimulia, na aliyekuwa nayo alilazimika kuzungumza na mtu.

Mwenge ulikimbizwa siku 82, katika majimbo 33, kilomita zipatazo 15,000, na waliobeba walikuwa zaidi ya 3,600. Penye nyika tupu walipokezana wafanyakazi wa kampuni ya simu ya AT&T, na polisi wa kila eneo waliusindikiza mpaka kwenye mpaka wao, wakawakabidhi wa jirani. Nilikuwa nimeufuatilia kwenye televisheni, nikaona umati ukikua wiki hadi wiki: mwanzoni familia moja moja kando ya barabara ya shamba, saa sita za usiku, taa za gari zikiwamulika. Ulipofika California walikuwa maelfu.

Tuliusubiri Santa Monica. Hapo ndipo niliposhuhudia kazi ya askari ambayo sijaisahau. Hofu ilikuwapo, ilikuwa miaka kumi na miwili tu tangu Waisraeli kumi na mmoja wauawe kwenye Olimpiki ya Munich, na kila mkubwa wa usalama aliyehojiwa alilitaja jina hilo. Nilidhani nitaona fimbo. Sikuona. Pikipiki zilitangulia zikienda polepole sana, mbili mbili, zikipita karibu na ukingo wa watu kiasi kwamba kila mtu alirudisha vidole vya miguu mwenyewe. Hazikusukuma mtu. Zilipopita, nafasi ilikuwa imekwisha kufunguka, na nyuma yake walikuja askari wa miguu wachache wakiongea na watu: mama, mshike huyo mtoto mkono, kijana, shuka juu ya gari hilo. Mmoja alitujia, akamwambia mzee avute meza nyuma ya mti kwa sababu watu wakirudi nyuma kwa kishindo wataikwaa. Mzee akaivuta bila neno. Baadaye kidogo umati ulirudi nyuma kweli, na mahali ilipokuwa meza pakajaa watu.

Nililinganisha na wanamgambo wa kwetu, ambao sina ubaya nao, maana walitumwa. Lakini fimbo humfanya mtu asukume. Anaona amezuiwa, anataka kupita. Wale wa pikipiki walimwachia mtu heshima ya kurudi nyuma kwa hiari, na aliyerudi kwa hiari hubaki pale alipo.

Aliyeubeba mwenge mbele yetu alikuwa kijana kwenye kiti cha magurudumu. Kilomita yake ilikuwa imenunuliwa na watu wengine, ndivyo tulivyoambiwa, wakamkabidhi yeye. Mwenge ulikuwa umefungwa kwenye kiti, mkono mmoja kaushika, mwingine unasukuma gurudumu. Aliyekuwa akimsukuma kwa nyuma alitembea, hakukimbia. Watu walipiga kelele kwa jina lake, sijui walilijuaje. Wanaume wenye miili mikubwa walilia wazi. Nikawakumbuka Wagiriki, na nikasema moyoni kwamba laiti meya wa Olympia angekuwa amesimama pale kando yangu. Simlaumu, alilinda cha kwao. Lakini dola 3,000 za mtu zilikuwa zimempa kijana yule barabara nzima, na zenyewe zilikwenda kwa watoto. Dhambi ingekuwa kama zingeishia mifukoni.

Kisha ikafuata jambo ambalo mzee alikuwa amenitabiria. Kabla mwenge haujafika hatukuuza sana. Watu walikuwa wakichungulia barabara. Dakika chache baada ya kupita, tulimaliza kila kitu. Vibendera, kofia, hata maboksi matupu watu waliyaomba. Walitaka kitu cha kushika. Walikuwa wameona moto kwa muda mfupi mno, umekwenda, na mikono yao ilikuwa mitupu.

Tarehe 28 Julai mwanariadha Rafer Johnson alipanda ngazi za Coliseum akawasha moto. Niliangalia kwenye televisheni, pamoja na Watanzania wenzangu tuliokuwa tukisoma kule. Timu yetu ilipoingia uwanjani tulisimama sote sebuleni.

Mbio za marathoni za wanaume zilikuwa tarehe 12 Agosti, zikianzia Santa Monica. Juma Ikangaa, askari wetu, alikuwa anakimbia, na hapakuwa na muuzaji hata mmoja mwenye bendera ya Tanzania. Tukaenda duka la vitambaa. Tulinunua kijani, buluu, nyeusi na njano, tukashona kwa mkono, mistari ikapinda kidogo. Kundi la mbele lilipotokea, naye yumo, tuliiinua tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka: Kaza, Juma! Kaza, baba! Askari aliyekuwa mbele yetu aligeuka, akauliza ni nchi gani, akasogea hatua mbili pembeni ili bendera ionekane. Ikangaa alimaliza wa sita. Carlos Lopes wa Ureno, mwenye miaka 37, ndiye aliyeshinda.

Wakati tunaikunja bendera yetu, mwanamume mmoja mwenye kofia iliyojaa vibeji alitujia akauliza tunaiuza kiasi gani. Akaongeza bei, akaongeza tena, na kwa wanafunzi fedha ile ilikuwa kodi ya chumba. Tuliulizana kwa Kiswahili pale pale barabarani. Tukamwambia haiuzwi. Akavua kibeji kimoja kofiani, akampa mwenzetu aliyeishona, akatuomba tumfundishe lile neno tulilokuwa tukimpigia Juma kelele.