Msuko wa Kiondo cha Mama

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba msuko ni mpangilio wa matukio katika kazi ya kubuni, na kwamba, kama alivyoshikilia Aristotle, una mwanzo, kati na mwisho. Sikuwahi kujiuliza istilahi hiyo ilitoka mikononi mwa nani. Marehemu mama yangu alikuwa akisuka vyondo. Aliniachia kimoja kilichofika nusu, nyuzi zake zikining'inia, nami nikakiweka juu ya kabati la vitabu kwa miaka mitatu.

Nilipoalikwa kushiriki wikendi ya kufuma na kusuka katika nyumba moja ya wageni mtaani Karen, nilikwenda nacho. Wengi wa wenzangu walikuja na sindano na uzi wa sweta walioununua Biashara Street. Wachache tulikuja na katani.

Jumamosi asubuhi tulianzia katikati ya jiji, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa kwenye barabara ya Moi, jengo lililokuwa benki zamani. Humo umewekwa mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966. Tukarudi Karen kuizuru nyumba ya Karen Blixen, iliyojengwa mwaka 1912 (sitaisemea mengi, wahakiki wamekwisha kuisemea), kisha karakana ya Kazuri, iliyoanzishwa mwaka 1975, ambako wanawake hufinyanga shanga za udongo na kuzitunga. Kitenzi ni kile kile tunachotumia kwa shairi. Niliridhika mno na ugunduzi huo, hata nikautangaza ndani ya matatu. Hakuna aliyeshangaa.

Jioni mzee mmoja kutoka Ukambani alikishika kiondo cha mama, akakigeuza kitako juu.

"Mwanangu, aliyekianza alikuwa na mkono mzito. Amekaza."

Alinionyesha jinsi kazi inavyoanzia kitakoni, katika fundo dogo la nyuzi zilizopishana. Nyuzi hizo ndizo mtande; mshindio huwa nyuzi mbili zinazosokotana huku zikizunguka, na kila uzi wa mtande hubanwa baina yao. Kitako kinapopanuka, nyuzi mpya za mtande hupachikwa kati ya zile za awali, na mpachiko wenyewe hufichwa. Msukaji hurudi pale pale alipopita, ila duara limekuwa kubwa zaidi. Nilikumbuka mistari niliyokuwa nikichora ubaoni, ikipanda hadi kileleni na kuteremka, nikaona haya kidogo. Si kwamba Aristotle alikosea. Yeye alizungumzia tamthilia ya Kigiriki. Sisi ndio tuliochukua neno la wasukaji tukalivisha maana yake bila kuwauliza wenyewe.

Jumapili nilisuka mizunguko mitatu. Ililegea, na mpaka kati ya mkono wa mama na wangu ukaonekana waziwazi. Mzee alitaka kuifumua ili anisaidie kuianza upya.

"Iache, mama," nilimwomba. "Nitakaza kuanzia hapo."

Alinitazama, akanirudishia.

Jumatatu nilikipeleka darasani, nyuzi zikining'inia vile vile. Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliuliza kilele cha msuko wa namna hiyo kiko wapi. Sikuwa na jibu. Nilikigeuza kitako juu, nikampa akishike, na kwa muda mrefu alikuwa akipapasa pale palipolegea.